Mgeni Asiyepiga Hodi

Somo la 27

1. Mlango wa nyumba na mlango wa simu

Mgeni akifika nyumbani kwa watu, husimama nje na kupiga hodi. Mama hutazama ni nani. Akimjua, hujibu: «Karibu!» naye humpa kiti. Asipomjua, humwuliza jina lake, atokako na shauri lililomleta. Mtoto haachwi peke yake chumbani na mtu asiyejulikana. Desturi hiyo ni ya zamani, tena ni ya akili, kwani yalinda nyumba nzima.

Siku hizi nyumba nyingi zina mlango wa pili. Mlango huo ni simu. Mchana simu yamsaidia mama kuuliza bei ya unga, kupokea feza na kusalimu ndugu walio mbali. Jioni mtoto huiomba ili acheze au atazame picha. Kwa mlango huo watu waweza kuingia bila hodi. Mama yuko jikoni anasonga bukari, mtoto yuko mkekani na simu. Mgeni amekwisha kuingia, wala hakuna aliyemwona.

Je, simu ni kitu kibaya? Hapana. Kisu chakata mboga, nacho chaweza kukata kidole. Mama hatupi kisu. Amfundisha mtoto namna ya kukishika. Basi na tujifunze namna ya kushika simu.

2. Intaneti ni nini?

Intaneti ni mashine nyingi sana za dunia zilizofungamanishwa ili zipelekeane habari. Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Tarehe 29 Oktoba 1969, huko California katika Marekani, wataalamu walijaribu kupeleka neno moja toka mashine ya chuo kikuu cha Los Angeles mpaka mashine nyingine ya Stanford. Neno lilikuwa na herufi tano. Herufi mbili zilifika, kisha mashine ikaharibika. Baadaye walijaribu tena, nalo likafika lote. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyefanya kazi Genève katika Uswisi, alitunga njia nyepesi ya kufungamanisha maandiko ya mashine hizo. Njia hiyo iliwafungulia intaneti hata watu wasio wataalamu.

Leo habari nyingi hupita katika waya zilizolazwa chini ya bahari. Waya moja, iitwayo WACS, yatoka Afrika ya Kusini mpaka Uingereza. Urefu wake wapita kilometa 14,000. Yafika nchi kavu ya Kongo pale Muanda, karibu na mahali mto Kongo unapoingia baharini. Waya nyingine na minara ya simu huzipeleka habari mijini na vijijini.

Jambo kubwa la kufahamu ni hili. Maneno yasemwayo njiani husikiwa, kisha hupita. Maneno na picha za intaneti hushikwa katika mashine kubwa. Mtu aliyezipokea aweza kuzipeleka kwa mwingine, na huyo kwa mwingine tena. Wala waya haichagui. Yapeleka somo la hesabu na habari za mgonjwa, nayo yapeleka vile vile uongo wa mtu mbaya.

3. Mgeni afanyavyo kazi yake

Tuseme kuna mtoto mmoja wa kike huko Likasi. Ana miaka 11, naye ni mwanafunzi wa darasa la tano. Kila jioni hucheza katika simu ya mama yake.

Siku ya kwanza aona maneno haya: «Jambo! Nami nina miaka 11. Wewe wajua sana kucheza.» Pembeni kuna picha ya msichana anayecheka. Mtoto afurahi, naye ajibu.

Siku ya pili mgeni auliza: «Masomo yenu ni wapi? Baba afanya kazi gani? Mama arudi sokoni saa ngapi?» Kila ulizo ni dogo. Lakini mtu akiokota kuni moja moja, mwisho atajitwika mzigo.

Siku ya tatu mgeni aomba namba ya simu, kisha apeleka mega bure. Asema: «Mimi ni rafiki yako wa kweli. Usimwambie mama, maana atakunyang'anya simu.»

Siku ya nne aomba picha. Kwanza ni picha ya uso. Halafu ni picha isiyofaa, ya mwili bila nguo. Siku ya tano atisha: «Usiponipa nyingine, nitawaonyesha wenzako wote wa masomo.»

Sasa mtoto hali chakula vizuri. Darasani hasikii mwalimu asemavyo. Simu ikilia, moyo wake wadunda. Mgeni hakuvunja mlango wala hakushika fimbo. Hata hivyo amemfunga mtoto kama kwa kamba.

Na yule msichana anayecheka? Hayuko. Picha ya uso yaweza kuibwa mahali po pote. Siku hizi mashine zaweza hata kutunga uso wa mtu asiyezaliwa, na kuiga sauti ya mtu aliye hai. Nyuma ya picha ile labda yuko mtu mzima mwenye ndevu.

Angalieni njia aliyoifuata: sifa, maulizo, zawadi, siri, kitisho. Mvuvi wa ziwa Tanganika hufanya vile vile. Samaki aona chambo tu, haoni ndoana iliyo ndani.

Tena mara nyingine mtu huyo si mgeni. Ni jirani, au mtu wa jamaa, anayemwandikia mtoto mambo asiyothubutu kusema mbele ya mama. Wazee husema: Kikulacho ki nguoni mwako.

4. Siri ya kushika na siri ya kutoboa

Kuna siri za namna mbili, na mtoto mwenye akili huzitenga.

Ya kwanza ni siri ya kushika. Ndiyo namba ya siri ya M-Pesa, ya Airtel Money au ya Orange Money, ambayo mama huitumia kwa kutoa feza yake. Ndiyo vile vile namba 6 ambazo WhatsApp hupeleka, mtu anapotaka kuifungua katika simu mpya. Mwizi huzipenda sana namba hizo. Hupiga simu na kusema kwa sauti ya upole: «Mdogo wangu, nimekosea, nimepeleka namba katika simu yenu. Unisomee tafazali.» Mtoto mwema asoma, kwani amezoea kuwatii wakubwa. Punde mwizi ameshika WhatsApp ya mama. Awaandikia shangazi na wajomba kwa jina la mama: «Niko katika taabu, nisaidieni feza.» Nao wapeleka. Basi namba ya siri haisomwi kwa mtu ye yote apigaye simu, hata akijiita mkubwa wa kampuni ya simu.

Ya pili ni siri ya kutoboa. Ndiyo ile ambayo mtu mkubwa humwambia mtoto: «Usimwambie mama. Usimwambie mwalimu.» Kuna siri njema zilizo za furaha, kama zawadi iliyofichwa mpaka siku ya sikukuu. Siri hiyo ina mwisho wake, na siku ya mwisho wote hucheka. Siri mbaya haina mwisho, nayo humwumiza mtoto moyoni kila siku. Anayeomba siri ya namna hiyo hamlindi mtoto. Ajilinda mwenyewe, maana aogopa macho ya watu wakubwa.

Kwa hiyo: siri inayolinda nyumba, ishike, siri inayomficha mtu mbaya, itoboe.

5. Picha ni maji yaliyomwagika

Maji yakimwagika hayazoleki. Ndivyo ilivyo picha iliyokwisha kupelekwa. Mwenyewe aweza kuifuta katika simu yake, lakini hana hakika kwamba imefutwa katika simu za wengine.

Picha husema mambo mengi kuliko mtoto adhanivyo. Nguo ya masomo yaonyesha masomo yake. Ukuta wa nyumba na duka la jirani vyaonyesha mtaa wake. Tena simu yaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, hata kama macho hayaoni maandiko hayo.

Yafaa kukumbuka wenzetu vile vile. Watoto wengine humpiga picha mwenzao aliyeanguka matopeni au aliyelia darasani, nao huipeleka kwa wote ili wamcheke. Aliyechekwa uwanjani hupumzika afikapo kwao. Aliyechekwa katika simu hafiki nyumbani, maana kicheko chamfuata mpaka kitandani. Asiyeanza mchezo huo bali akaipeleka picha mbele, naye amemtesa mwenzake.

Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp zote zimeweka sheria kwamba mtoto asiyetimiza miaka 13 asijiandikishe. Watoto wengi wajiongezea miaka ili wapite. Basi ajiandikaye miaka 18, mashine yamhesabu mtu mzima. Yamwondolea ulinzi uliowekwa kwa vijana, naye ajidanganya mwenyewe.

6. Mtoto akiisha kunaswa

Tumrudie yule mtoto wa Likasi. Afanye nini? Wengine hudhani kwamba atanyamaza na kutii, na mgeni atachoka. Sivyo. Anayepewa kwa kutisha hurudi kutisha tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Njia ni moja: aseme. Amwambie mama. Akimwogopa mama, amwambie yaya wake, au nyanya, au mwalimu. Akisema neno moja tu, «Mtu ananitisha katika simu», kamba yaanza kulegea, kwani nguvu zote za mgeni zilikuwa katika kunyamaza kwa mtoto.

Naye mkubwa aliyeambiwa asikilize kwanza. Asipige wala asitukane. Mtoto alidanganywa na mtu aliyejifunza kudanganya. Kosa ni la mdanganyifu. Mtoto akipigwa leo kwa sababu amesema, kesho hatasema, na wadogo zake waliomwona hawatasema vile vile.

Kisha wafanye hivi. Wasimjibu mgeni tena, wala wasimpe feza. Wasifute namba yake na maneno yake, maana ndiyo ushuhuda. Wamfungie njia asiweze kuandika tena. Picha ya mtoto isipelekwe kwa mtu mwingine, hata kwa kusudi la kuwaonya jirani. Waende kwa polisi. Katika Polisi ya Taifa ya Kongo kuna kikosi cha kulinda watoto.

Sheria yasimama upande wa mtoto. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yasema kwamba mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Sheria nyingine, ya tarehe 13 Machi 2023, yahusu kazi za mashine na intaneti, nayo yaadhibu makosa yafanywayo kwa njia hiyo.

7. Kanuni za kushika kichwani

1. Usimwambie mtu usiyemjua jina lako lote, masomo yako wala mahali mnapokaa.
2. Namba ya siri haisomwi kwa mtu ye yote.
3. Kabla ya kupeleka picha, jiulize: Je, ningeibandika mlangoni pa masomo? Kama sivyo, usiipeleke.
4. Usiende kuonana na rafiki wa simu bila mzazi.
5. Mtu akikuambia: «Usimwambie mama», mwambie mama siku ile ile.
6. Ukikosa, sema. Kusema kumechelewa ni bora kuliko kunyamaza.

Maneno

Chambo: chakula kidogo kitiwacho katika ndoana ili samaki anaswe.
Kufungamanisha: kuunga vitu viwe pamoja.
Kutoboa siri: kusema jambo lililofichwa.
Mega: kipimo cha intaneti inunuliwacho kwa simu.
Ushuhuda: jambo linaloonyesha kweli mbele ya hakimu.

Maulizo

1. Mgeni wa nyumbani na mgeni wa simu wapitana kwa jambo gani?
2. Ni mwaka gani neno la kwanza lilipelekwa toka mashine ya Los Angeles mpaka Stanford?
3. Waya ya WACS yafika Kongo mahali gani?
4. Taja mambo matano aliyoyafanya mgeni, moja baada ya jingine.
5. Kwa nini mgeni alisema: «Usimwambie mama»?
6. Toa mfano mmoja wa siri ya kushika, na mmoja wa siri ya kutoboa.
7. Kwa nini si vizuri kumpiga mtoto aliyesema?

Kazi ya nyumbani

Andika katika daftari majina ya watu wakubwa watatu unaoweza kuwaambia jambo lo lote bila kuogopa. Nenda kwao leo jioni, uwaambie kwamba majina yao yamo katika daftari yako, na kwa sababu gani.