TUJIFUNZE KUTAMBUA ZUMARIDI

Mavuno yakiisha, wengi wetu hupenda kutembea kutafuta mawe ya thamani. Kwa wengine ni kupitisha wakati tu. Lakini asiyelijua jiwe lake hulipwa bei ya kokoto. Basi leo tujifunze.

Zumaridi ni ya ukoo wa berili. Berili ya kijani kibichi ndiyo zumaridi. Ya bluu huitwa akwamarini. Hapa Tanzania, zumaridi ziligunduliwa mwaka 1970 huko Mayoka, karibu na Ziwa Manyara.

Kwanza, leseni. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inakataza kutafuta au kuchimba madini bila leseni. Twende ofisi ya Tume ya Madini tuulize kabla ya kushika sururu.

Tutafute wapi? Tutazame mahali ambapo mkanda wa mwamba mweupe wenye chembe kubwa umepenya katika mwamba mweusi wa ulanga. Ulanga ni lile jiwe linalong'aa na kubanduka kama karatasi. Zumaridi hupatikana pale miamba hiyo miwili inapokutana. Tuangalie pia changarawe za makorongo ya karibu. Tusiingie katika mashimo ya zamani. Huporomoka.

Tupime hivi:

1. Tuhesabu pande. Berili nzima ina pande sita kama penseli, na mwisho wake ni bapa. Kwatsi nayo ina pande sita, lakini mwisho wake umechongoka.

2. Tukwaruze pembeni kwa ncha ya kisu. Kisu kikilichimba jiwe, hiyo si berili.

3. Tukwaruze kwatsi kwa jiwe letu. Berili huacha alama. Kipande cha chupa hakiwezi.

Tusipige jiwe kwa nyundo! Wako wanaosema jiwe halisi halivunjiki. Si kweli. Berili haikwaruziki ovyo, lakini hupasuka upesi. Pigo moja tu, na mali imekwisha.

Yako mawe mengine ya kijani yaliyo magumu pia. Kwa hiyo tumwonyeshe mtaalamu. Tusimwuzie dalali njiani, gizani. Tangu mwaka 2019 yako masoko ya madini, na mwenye jiwe hushuhudia likipimwa.

MASWALI
1. Ulanga una sura gani?
2. Kwa nini tusitumie nyundo kupima jiwe?
3. Jadilini: dalali anapata faida gani tusipolijua jiwe letu?