Silambloki za diferansieli: ginsi ya kupunguza makelele bila kuficha ugonjwa



Katika fizika tumejifunza sheria ya Newton: kila nguvu inarudishiwa nguvu iliyo sawa nayo, upande wa kinyume. Wengi wanaiandika katika daftari, wanaijibu siku ya mtihani, kisha wanaiacha pale. Leo tutaifuata chini ya motokari, kwenye matope na mafuta, maana huko njo inaonekana vizuri. Somo letu ni juu ya vipande vya kaucho vinavyoshika diferansieli, na juu ya makelele yanayotoka nyuma wakati vipande hivyo vimechoka, ao wakati mtu amevibadilisha kwa vingine vigumu zaidi.

Tuelewane kwanza juu ya majina. Diferansieli ni ile sanduku ya meno iliyo katikati ya magurudumu ya nyuma. Mafundi wetu wengi wanaiita ponti. Inapokea mzunguko wa moteri kwa njia ya kardani, inaugeuza uende kwa magurudumu mawili, na motokari ikikata kona inaacha gurudumu la nje lizunguke upesi kupita la ndani. Ndani yake pinyo ndogo inasukuma kuroni kubwa.

Kuko ponti za aina mbili. Katika Hilux na Land Cruiser 70, ponti ya nyuma ni chuma kizima toka gurudumu mpaka gurudumu, na diferansieli imefungwa ndani yake. Hapo silambloki ya diferansieli haiko, na mtu akitaka kukuuzishia moja, mwambie asante na uende. Lakini katika RAV4 yenye kukokota kwa magurudumu yote ine, tangu ile ya kwanza ya 1994, kila gurudumu la nyuma linapanda na kushuka peke yake. Basi diferansieli haiwezi kufungwa pamoja na magurudumu. Inatundikwa chini ya mwili wa motokari. BMW nyingi na Mazda MX-5 ziko vivyo hivyo. Kama ingetundikwa chuma kwa chuma, kila tetemeko la meno lingepanda mpaka kwa viti. Njo maana wakatia katikati kaucho iliyoshikamanishwa na pete ya chuma. Wafaransa wanaiita silentbloc, na jina lenyewe linasema kazi yake, kipande cha kunyamazisha. Katika garaji zetu imekuwa silambloki. Watanzania na Wakenya wanasema bushi.

Uzito gani unaangukia kaucho hii?

Tutwae mfano wa motokari inayokokota kwa nyuma tu. Moteri inatoa nguvu ya kuzungusha ya niutoni-meta 150. Vitesi ya kwanza inaizidisha mara 3,5, inakuwa 525. Pinyo iko na meno 10, kuroni meno 41, ni kusema mara 4,1. Kwa magurudumu inafika niutoni-meta 2.152, kama tunaacha kando upotevu mdogo wa njiani.

Sasa Newton anadai deni lake. Diferansieli inasukuma magurudumu kwa mbele, basi sanduku yake yenyewe inataka kugeuka kwa nyuma na kuinua pua. Nani anaizuia? Silambloki tu. Kama kati ya zile za mbele na zile za nyuma kuko sentimeta 40, tunagawanya 2.152 kwa 0,4, tunapata niutoni 5.380. Ukigawanya tena kwa 9,81 unaona ni sawa na uzito wa kilo 548: mifuko 11 ya simenti! Mifuko 11 inaangukia kaucho ambayo mara nyingi haipiti ngumi ya mtu mzima. Kisha shofere anaachilia gazi, moteri inashika motokari, na nguvu inageuka upande wa kinyume. Anakanyaga tena, inarudi. Kwenye barabara ya mashimo jambo hilo linafanyika mara mingi sana kwa siku moja. Katika RAV4 nguvu inagawanywa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo hesabu inapunguka, lakini ginsi ya kazi ni ile ile.

Kaucho inachoka. Mafuta yanayovuja yanaivimbisha, joto linaikausha, inapasuka ao inaachana na pete yake. Siku ile unasikia “kluk!” moja nzito kila mara unapoachilia ambrayaji, na nyingine unapotoa mguu kwa gazi. Ni sanduku ya diferansieli inayopiga chuma.

Diferansieli inaimba

Ninyi wa koro munajua sauti ya la ya diapazoni, mitetemo 440 kwa sekunde. Tuseme mzingo wa gurudumu ni meta 2. Kwa mwendo wa kilometa 77 kwa saa, gurudumu linazunguka mara 10,7 kwa sekunde. Kila mzunguko, meno 41 ya kuroni yanapita mbele ya pinyo. 10,7 mara 41 ni karibu 439. Diferansieli inaimba la! Ukipunguza mwendo kwa nusu, inashuka oktava moja. Kila diferansieli inaimba, hata ile mpya kabisa. Hatuisikii kwa sababu kaucho inaikamata njiani.

Inaikamata namna gani? Kitu kizito kilichowekwa juu ya kaucho kiko na mtetemo wake cha asili, sawa na jiwe lililotundikwa kwa ressori. Tuseme diferansieli juu ya kaucho laini inatetemeka mara 40 kwa sekunde. Sauti ya 440 ni mara 11 zaidi. Kanuni rahisi (bila kuhesabu msuguano) inasema kwamba sehemu inayopita ni 1 kugawanya kwa 11 mara 11 kutoa 1, ni kusema 1 kwa 120. Sasa weka kaucho ngumu mara 9. Mtetemo wa asili unapanda mara 3 tu, juu ya kipeo cha pili, unakuwa 120. Fanya hesabu tena: 440 kwa 120 ni 3,67, na sehemu inayopita inakuwa karibu 1 kwa 12. Nguvu ya tetemeko inayofika kwa mwili wa motokari imeongezeka karibu mara 10, na meno hayakubadilika hata kidogo.

Hapa watu wengi wanapotea. Wanatia silambloki ngumu, wanasikia “wuuuu” ambayo haikuwa, wanafikiri wameharibu diferansieli, wanaifungua, wanapoteza feza. Wuuuu ile ilikuwako tangu zamani. Wameondoa tu mlango uliokuwa unaifungia.

Kaucho ao poliuretani?

Kaucho ya miti iligeuzwa kitu cha kudumu tangu Charles Goodyear alipovumbua mwaka wa 1839 ginsi ya kuipika pamoja na kibiriti. (Wazee wetu walijua neno kaucho kwa uchungu mwingine, wakati wa Léopold II, mpaka 1908, lakini hiyo ni historia na iko na somo lake.) Poliuretani ilivumbuliwa Ujerumani mwaka wa 1937 na Otto Bayer na wenzake. Ugumu wa vitu hivi unapimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A. Kaucho ya kiwanda mara nyingi iko karibu na 50 ao 60. Poliuretani inayouzwa kwa silambloki inaanza karibu na 70 na kupanda mpaka 95. Kuko pia silambloki za aliminiumu tupu, zisizo na kaucho hata kidogo.

Kule Ulaya, Marekani na Japani, vijana wanaoshindana kwa mbio na BMW ao MX-5 wanapenda zile ngumu. Wako na sababu: diferansieli haitembei tena, motokari inajibu mguu palepale, na vitesi inaingia bila kuruka-ruka. Makelele wanayavumilia, maana kofia ya mbio inafunika masikio. Aliminiumu iachwe kwa watu hao.

Lakini kwa RAV4 inayopeleka familia na magunia ya maharagi juu ya mawe ya volkano ya Goma, mawazo yangu ni haya: tafuta silambloki mpya ya kaucho, ya aina ya kiwanda, na usinunue ile ya okazio, kwa sababu kaucho inazeeka hata ikilala. Kama mpya haipatikani, poliuretani ya 70 ao 80 inafaa. Weka ugumu ulio sawa kwa zote zinazobeba mzigo pamoja. Ukitia moja ngumu kama jiwe na kuacha nyingine zilizochoka, ile ngumu inabeba mifuko ya simenti ya wenzake, na mwisho sikio la chuma linaloishika linaweza kupasuka. Mtu anayetaka diferansieli itulie lakini anapenda kuzungumza ndani ya motokari, aanze na kaucho mpya. Wengi wanaona hiyo inatosha, maana walikuwa wanalinganisha poliuretani na kaucho iliyokufa.

Sikiliza mbele ya kununua

Makelele ya nyuma si ya diferansieli kila mara. Tafuta barabara iliyo sawa, ya gudroni, na usitoe vitesi kwa mteremko kwa kutaka kusikiliza. Milima yetu haisamehe jambo hilo. Kanyaga gazi kidogo, kisha achilia. Sauti inayobadilika wakati wa kukanyaga na wa kuachilia ni ya meno. Ile isiyojali gazi, inayofuata mwendo tu, na kubadilika unapokata kona, ni rulema ya gurudumu. Ile inayobadilika ukitoka gudroni na kuingia udongo ni ya mapine. Tetemeko linalokuja kwa mwendo fulani na kupotea ukiupita, angalia kardani. “Kluk” iko na wazazi wengi: silambloki, kroazio ya kardani, ao bulo iliyolegea tu. Kwa hiyo kaza bulo mbele ya kununua kitu.

Silambloki unaijaribu hivi. Zima moteri, funga magurudumu kwa magogo, twaa chuma kirefu, uinue pua ya diferansieli. Kama inapanda kwa urahisi na unaona ufa unafunguka katika kaucho, umepata jibu.

Mafuta nayo. Fungua kwanza kifuniko cha kujazia, si kile cha kumwagia, maana ukimwaga yote na kile cha kujazia kikakataa kufunguka, motokari inalala pale. Mafuta yafike kwa mdomo wa tundu. Yawe ya kiasi cha GL-5, mara nyingi 80W-90, lakini kitabu cha motokari njo kinaamua. Uji mweusi laini kwa sumaku ya kifuniko ni kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole si kawaida.

Kuko hila ya zamani ambayo kila mnunuzi aijue. Muuzaji mwenye diferansieli inayolia anaijaza unga wa mbao, ao ndizi. Makelele yanapunguka siku chache, muda wa kutosha kuhesabu feza zako. Kisha unga unakula nafasi ya mafuta, meno yanakauka, na magurudumu yanaweza kufunga njiani na watu wakiwa ndani. Unapojaribu motokari ya kununua, chovya kidole ndani ya tundu la mafuta. Ukitoa nyuzi ao harufu ya tunda, funga mfuko wako.

Wakati wa kazi yenyewe

Usiingie hata siku moja chini ya motokari iliyosimama kwa kriki tu. Kriki ni ya kuinua. Ya kushika ni shandeli, ao magogo mapana na makavu. Matofali yanapasuka bila kuaga. Shika diferansieli kwa kriki ya pili mbele ya kufungua bulo, na usiiache ininginie kwa kardani. Piga alama ya rangi pale kardani inapokutana na diferansieli, irudi ginsi ilivyokuwa. Silambloki nyingi ziko na matundu upande mmoja ili zilegee kwa njia hiyo tu; andika yalitazama wapi mbele ya kuzitoa, la sivyo utafunga kaucho mpya na kluk itabaki.

Mafundi wengine wanachoma kaucho ya zamani kwa moto ili itoke upesi. Mambo hayo yaachwe. Moshi wake ni mbaya, na wa poliuretani ni sumu kali. Kata kwa msumeno mdogo, ao sukuma kwa bulo ndefu na bomba lenye kipimo cha pete. Inachukua muda mrefu zaidi, ni kweli.

Mazoezi

1. Mzingo wa gurudumu ni meta 2,2, kuroni iko na meno 37. Kwa kilometa 60 kwa saa, diferansieli inaimba mitetemo mingapi kwa sekunde?

2. Rudia hesabu ya mifuko ya simenti kama kati ya silambloki kuko sentimeta 50. Kwa nini mtengenezaji hawezi kuongeza nafasi hiyo anavyotaka?

3. Shofere anasema: “Inanguruma sawasawa nikikanyaga gazi na nikiachilia, lakini nikikata kona ya kushoto inanyamaza.” Gurudumu gani utaangalia kwanza, na kwa nini?