Uwanja Mkubwa na Mfuko wa Klabu: Maswali na Majibu

Mashabiki wa klabu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards waishio katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hata Jericho na Umoja, wamekuwa kwa miaka mingi wakiuliza, na aghalabu kwa uchungu, kwa nini klabu zenye umati mkubwa namna ile hazina mali inayolingana na umati huo, na kama dawa ya ufukara wao si kuhamisha mechi zote za nyumbani kutoka City Stadium kwenda Nyayo au Kasarani. Yafuatayo ni maswali yao, na majibu kwa kadiri hesabu inavyoruhusu.

Swali: Kasarani huchukua watu mara nne ya City Stadium. Je, mapato nayo hayataongezeka mara nne?

Jibu: Hapana, kwa kuwa kinachouzwa ni tikiti, na kiti kisichokaliwa hakileti hata thumuni moja. City Stadium, uwanja ulio kando ya Barabara ya Jogoo na ambao mwaka 2019 ulipewa jina la mwanasoka marehemu Joe Kadenge, huchukua takriban watu 15,000. Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983, takriban 30,000. Na Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, ulihesabiwa kuwa na nafasi 60,000. Hesabu hizi huwapumbaza wengi. Dabi ya Mashemeji, yaani Gor Mahia na AFC Leopards, yaweza kujaza majukwaa, lakini mechi ya katikati ya juma dhidi ya timu isiyo na wafuasi haijazi hata uwanja ule mdogo.

Swali: Basi tuonyeshe kwa shilingi.

Jibu: Natuseme, kwa mfano tu, kwamba kiingilio ni shilingi 200, na kwamba mechi fulani huleta watu 5,000 katika uwanja mdogo, yaani shilingi 1,000,000. Kodi ya uwanja, polisi na walinzi, gari la wagonjwa, wakata tikiti na wafagiaji wakila shilingi 350,000, klabu hubakiwa na 650,000. Mechi iyo hiyo ikihamishwa, na watu wakafika 7,000, mapato yatakuwa 1,400,000. Lakini ikiwa masurufu ya uwanja mkubwa ni 900,000, kitakachobaki ni 500,000, nayo klabu itakuwa imeongeza watu 2,000 na kupoteza shilingi 150,000. Ili irudi tu pale ilipokuwa, yapasa ipate watu 7,750.

Sehemu kubwa ya gharama hizo huwa imekwisha kujulikana, na aghalabu kulipwa, kabla ya mtu wa kwanza kupita mlangoni, wala haipungui mvua inyeshapo. Ilhali mapato hutegemea matokeo ya juma lililopita, tarehe ya mshahara, na hata mechi ya Uingereza inayoonyeshwa saa ile ile katika kila kibanda cha video mtaani. Mwenye kukodi uwanja mkubwa ametoa fedha za yakini kwa kutumaini fedha za bahati.

Swali: Je, ulinzi hauwezi kupunguzwa ili faida ipatikane?

Jibu: Hasha! Tarehe 23 Oktoba 2010 watu saba walikufa kwa kukanyagana pale Nyayo, siku ambayo Gor Mahia na AFC Leopards walikutana, nao walikuwa wamekwenda kutazama mpira tu. Tena mwezi Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mmoja wa wenyeji wa mashindano ya soka ya CHAN, Shirikisho la Soka Afrika lilitoza faini na kuweka kikomo cha watu 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia pale Kasarani, kwa sababu watu walikuwa wamevunja utaratibu wa kuingia. Maadamu umati haujadhibitiwa, ukubwa wa uwanja hauna faida kwa mtu, kwa kuwa wanaoingia bila tikiti huongeza hatari pasipo kuongeza mapato.

Swali: Shabiki wa Eastlands mwenyewe ana hasara gani?

Jibu: Nyayo si mbali sana, na wengi huenda kwa miguu. Kasarani ni habari nyingine: mkazi wa Maringo aghalabu hupanda matatu hadi mjini, kisha nyingine ya Thika Road, na nauli ya kwenda na kurudi yaweza kumeza fedha ambazo zingemnunulia mwanawe tikiti. Na wachoma nyama wa soko la Burma, walio jirani na City Stadium, hupoteza wateja wa siku nzima, jambo ambalo halimo katika daftari la klabu yoyote.

Swali: Mbona Ulaya wanahama na kunufaika?

Jibu: Wako walionufaika, ila tutazame masharti yao. West Ham, klabu ya mashariki ya London, iliacha uwanja wake wa watu 35,000 mwaka 2016 ikahamia ule uliojengwa kwa Michezo ya Olimpiki, kwa mkataba wa miaka 99 na kodi ya takriban pauni milioni 2.5 kwa mwaka, huku gharama nyingi za siku ya mechi zikibebwa na mwenye uwanja, yaani fedha za umma. Klabu zetu hukodi mechi kwa mechi, nazo hubeba mzigo huo zenyewe.

Swali: Na klabu ndogo?

Jibu: Kariobangi Sharks waliwakaribisha Everton wa Uingereza pale Kasarani mwaka 2019, wakawashinda kwa penalti, lakini shughuli ile ilisimama juu ya fedha za mdhamini, na mwaka uo huo mdhamini huyo, SportPesa, aliondoka. Fedha za mlangoni peke yake hazingeiwezesha.

Swali: Wasemaje basi?

Jibu: Dabi na mechi za bara zipelekwe uwanja mkubwa, na nyingine zibaki Barabara ya Jogoo. Kaunti ya Nairobi, yenye mamlaka juu ya City Stadium, iutengeneze na kuzipa klabu mkataba wa miaka mingi wenye kodi inayojulikana. Nanyi wanachama, katika mkutano mkuu ujao, daini hesabu ya kila mechi kwa maandishi: tikiti zilizouzwa, masurufu yaliyolipwa, na baki iliyoingia benki.