Bustani Iliyogeuka Chuo: Mhadhara wa Umma wa Historia na Nafasi ya Hadhira Kisiwani Trinidad

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mhadhara wa umma wa historia kama ulivyotolewa katika bustani ya Woodford Square, jijini Port of Spain, kisiwani Trinidad, kuanzia mwaka 1955. Kwa kutumia istilahi za fasihi simulizi, makala yanadai kwamba uhai wa mhadhara wa aina hii hautokani na usomi wa mzungumzaji pekee, bali hutokana pia na haki ya hadhira kumjibu. Hatimaye yanaonyesha jinsi jibu la hadhira lilivyoingia katika kalenda ya taifa.

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hutumia dhana za fanani, hadhira na utendaji anapochambua ngano, nyimbo au majigambo. Ni nadra autazame mhadhara kwa jicho hilohilo. Mhadhara huhesabiwa kuwa mali ya darasa: mhadhiri hunena, mwanafunzi huandika, na mtihani huamua. Tajriba ya Trinidad inalazimu suala hili litafakariwe upya, kwani huko somo la historia liliwahi kutolewa hadharani kwa kila aliyetaka kusikiliza, awe msomi au kibarua.

Trinidad ilitwaliwa na Waingereza kutoka kwa Wahispania mwaka 1797. Wakazi wake wengi ni wazao wa Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya miwa na kakao, na wa Wahindi walioletwa kwa mikataba ya kazi kati ya 1845 na 1917. Chini ya ukoloni, mtoto wa kisiwa hiki alifunzwa kwa mapana historia ya Uingereza, ilhali historia ya watu wake mwenyewe haikupewa nafasi ya maana. Pengo hilo ndilo lililoupa mhadhara wa umma uzito wake.

Mahali kama matini

Katika uchambuzi wa fasihi simulizi, mahali pa utendaji si pambo. Woodford Square inatazamana na Red House, jengo la serikali na Bunge. Zamani bustani hiyo iliitwa Brunswick Square. Baadaye ilipewa jina la Ralph Woodford, gavana wa Kiingereza. Mwezi Machi 1903 wananchi waliokasirishwa na sheria mpya ya maji walikusanyika papo hapo wakati Baraza la Kutunga Sheria likiwa katika kikao. Ghasia zilizuka, Red House ikateketezwa kwa moto, na watu 16 wakapoteza maisha kwa risasi na singe za askari. Kwa hiyo, yeyote aliyesimama kuhutubia katika bustani hiyo alisimama juu ya kumbukumbu ambayo wasikilizaji wake waliijua kabla hajafungua kinywa.

Fanani na sanaa yake

Eric Williams alizaliwa Port of Spain mwaka 1911. Alipata udhamini wa kwenda Oxford, akahitimu uzamifu katika historia mwaka 1938, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Howard nchini Marekani. Kitabu chake Capitalism and Slavery, kilichochapishwa mwaka 1944, kilitoa hoja kwamba faida za utumwa zilichangia ukuaji wa viwanda vya Uingereza, na kwamba utumwa ulikomeshwa kwa sababu za kiuchumi zaidi ya huruma. Baadaye alifanya kazi katika Tume ya Karibi, na mkataba wake haukuendelezwa mwaka 1955. Tarehe 21 Juni mwaka huohuo alisimama Woodford Square, akaueleza umma kisa cha kutengana kwake na Tume na kutangaza kwamba angebaki nyumbani kuwatumikia wananchi.

Mihadhara iliyofuata iliipa bustani hiyo jina la Chuo Kikuu cha Woodford Square. Katika utendaji wake, Williams hakushusha hadhi ya maarifa ili aeleweke. Alikuja na takwimu, tarehe na nyaraka, akazichanganya na kejeli na msemo wa mtaani. Miwani yake meusi na kifaa chake cha kusaidia kusikia vikawa sehemu ya maleba, kama ulivyo usinga kwa mtambaji.

Mfano bora ni mhadhara wa tarehe 22 Machi 1961, Massa Day Done, maana yake siku za Massa zimekwisha. Massa ni namna mtumwa alivyolitamka neno la Kiingereza la kumwita bwana wake. Wapinzani walilalamika kwamba neno hilo lilichochea chuki ya rangi. Williams alijibu kwa kulifafanua kihistoria: Massa ni alama ya mwenye shamba aliyeishi ughaibuni akinufaika na jasho la wengine, na si kila mweupe aliyekuwa Massa, wala si kila Massa aliyekuwa mweupe. Hapa neno moja la watumwa liligeuzwa kuwa dhana ya uchambuzi mbele ya watu ambao babu zao ndio walioliunda.

Hadhira inapojibu

Mihadhara hiyo ilizaa matokeo ya kisiasa upesi. Chama cha Williams, People's National Movement, kilizinduliwa Januari 1956 na kushinda uchaguzi wa Septemba mwaka huohuo. Trinidad na Tobago ikapata uhuru tarehe 31 Agosti 1962, na Williams akawa Waziri Mkuu. Fanani alikuwa amevuka barabara kutoka bustanini hadi Red House.

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Waimbaji wa kalipso walikuwa wa mapema kuionja tembo hiyo. Mighty Sparrow, aliyekuwa mshabiki wa Williams, alitoa wimbo No, Doctor, No mwaka 1957 kulalamikia kupanda kwa gharama za maisha. Katika istilahi za fasihi simulizi, hadhira ilikuwa imechukua zamu yake ya kusema.

Jibu la kitaaluma lilitoka kwa C.L.R. James, aliyewahi kumfundisha Williams katika shule ya Queen's Royal College. Jina lake si geni kabisa kwa historia ya Kenya: mwaka 1937, jijini London, yeye, Mtrinidad mwenzake George Padmore na Jomo Kenyatta walikuwa pamoja katika International African Service Bureau. James alirejea nyumbani mwaka 1958, akahariri gazeti la chama, kisha akahitilafiana na mwanafunzi wake wa zamani. Mwaka 1960 alitoa mfululizo wa mihadhara kuhusu siasa katika maktaba ya umma ya Port of Spain. Mihadhara hiyo ilipochapishwa kwa anwani Modern Politics, serikali ilikizuia kitabu kisisambazwe. Ni bayana kwamba aliyefahamu nguvu ya mhadhara kuliko wote ndiye pia aliyeuogopa.

Hata hivyo, bustani haikufungika kwa amri. Kuanzia Februari 1970 vuguvugu la Black Power, likiongozwa na wanafunzi na vijana wasio na ajira, liliifanya Woodford Square kuwa Bunge la Wananchi. Maswali yalikuwa yaleyale aliyoyafundisha Williams mwaka 1955: nani anamiliki mashamba, benki na viwanda? Safari hii yalielekezwa kwake. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 21 Aprili 1970 na viongozi wa vuguvugu wakatiwa kizuizini. Kihistoria, tukio hili huweza kuhesabiwa kuwa uasi. Kifasihi, lilikuwa swali la mwanafunzi kwa mwalimu wake, lililoulizwa katika darasa lilelile.

Kalenda kama jibu la umma

Mabishano ya bustanini hayakuishia katika maneno. Kwa miaka mingi mwanzoni mwa Agosti kisiwa kilikuwa na sikukuu ya kuadhimisha kufika kwa Columbus mwaka 1498. Mwaka 1985 sikukuu hiyo iliondolewa, na Agosti mosi ikawa Siku ya Ukombozi. Tarehe hiyo ina kina. Agosti mosi 1834, sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kutumika, watumwa wa mashambani waliambiwa waendelee kuwatumikia mabwana zao kwa miaka sita zaidi kwa jina la uanagenzi. Umati, wazee wakiwemo, ulimkabili gavana jijini Port of Spain ukaikataa miaka hiyo kwa Kifaransa chao. Uanagenzi ulikomeshwa Agosti mosi 1838, kabla ya muda uliopangwa.

Sikukuu nyingine zilifuata. Mwaka 1996 ulileta Siku ya Ukombozi wa Wabaptisti wa Kiroho, ambao ibada zao zilipigwa marufuku kati ya 1917 na 1951. Mwaka huohuo sikukuu ya Mei 30, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia, ilipewa jina kamili la Siku ya Kufika kwa Wahindi, kukumbuka kutia nanga kwa meli Fatel Razack mwaka 1845. Aidha, alfajiri ya Ijumaa ya Kanivali huigizwa makabiliano ya mwaka 1881 baina ya wananchi na polisi waliotaka kuzima mienge yao. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba merikebu za Columbus zingeondolewa katika nembo ya taifa na nafasi yake kuchukuliwa na ngoma ya chuma.

Msomaji wa Kenya hataliona jambo hili kuwa geni, kwani Katiba ya 2010 iliigeuza Siku ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa. Kubadili jina la sikukuu ni kubadili msimulizi wa hadithi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mhadhara wa umma wa historia ni utendaji wenye fanani, hadhira, mahali na maleba, na kwamba hukamilika pale tu msikilizaji anapoweza kuwa msemaji. Williams aliwapa watu wake historia. James, Sparrow na vijana wa 1970 wakathibitisha kwamba walikuwa wameisikia. Kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, funzo ni la karibu. Kiswahili ni lugha ya soko, matatu na baraza, lakini utafiti mwingi unaoandikwa kwacho huishia katika rafu za maktaba. Mhadhiri na mwanafunzi wanaotaka maarifa hayo yaishi hawana budi kuyapeleka penye watu, na kukubali kwamba yatarudi yakiwa na maswali.