Somo Letu: Mifuko Miwili ya Gehazi

Ndugu wapenzi, kabla ya kuendelea fungueni Biblia zenu, 2 Wafalme sura ya 5, msome mpaka mwisho. Wengi wetu tukihubiri sura hii tunaishia pale Naamani anapotoka mtoni Yordani, ukoma umemwondoka. Lakini hiyo ni aya ya 14, na sura ina aya 27. Leo tunataka zile zilizobaki.

Naamani alirudi kushukuru. Alikuwa amesafiri na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Elisha hakupokea hata kimoja. Gehazi, mtumishi wake, aliona kwamba hiyo ni hasara, akapiga mbio kulifuata gari. Hatuambiwi kwamba alikuwa na njaa wala deni.

Hapa tukae kidogo. Alipomfikia Naamani hakusema kwamba anataka fedha. Alisema wamefika vijana wawili, wanafunzi wa manabii kutoka milima ya Efraimu, wasaidiwe talanta moja na mavazi mawili. Talanta moja ilikuwa na uzito wa kilo 30 na zaidi! Vijana wawili wapita njia wangeifanyia nini? (Mwanafunzi wetu akileta jibu la namna hiyo katika hesabu, tulimrudishia daftari.) Naamani hakuuliza neno. Kwa kuwa walitajwa watumishi wa Mungu, alitoa talanta mbili badala ya moja, katika mifuko miwili.

Mtume Paulo akimwandikia Timotheo (1 Timotheo 6:6-10) hailaumu fedha, analaumu kuipenda. Tukisikia hayo, kila mmoja husema moyoni, "Basi mimi simo. Mimi sizipendi, nazihitaji tu." Gehazi naye angalisema hivyo. Kupenda fedha hakuingii nyumbani kwa jina lake. Huingia kwa jina la wageni, la yatima, la masomo ya watoto, hata la kazi ya Mungu.

Tena tazameni aya ya 26. Gehazi alichukua mifuko miwili tu, lakini Elisha anamtajia mashamba ya mizeituni na mizabibu, kondoo, ng'ombe, na mwisho watumwa na wajakazi. Nabii aliona njia ile inakokwenda.

Sisi Waanglikana tunapenda kusimulia habari za Mkunazini, Unguja, jinsi soko la watumwa lilivyofungwa mwaka 1873 na kanisa kuu likajengwa mahali pale chini ya Askofu Edward Steere. Ni vema kusimulia. Lakini kuna habari nyingine tusiyoisimulia. Mwaka 1710 tajiri Christopher Codrington alifariki, akakiachia chama cha Kanisa letu cha kueneza Injili mashamba yake ya miwa huko Barbados, pamoja na watumwa wake, ili chuo kijengwe. Kusudi lilikuwa jema: chuo! Basi chama kikawa mwenye watumwa. Katika miaka ya mwanzo walipigwa chapa ya moto kifuani, neno "Society", yaani "Chama". Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, chama kililipwa fidia ya zaidi ya pauni 8,800. Watumwa hawakulipwa kitu. Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi mwaka 2006. Na waliokuwa wakiendesha mambo hayo walikuwa watu wa sala, wenye hesabu safi vitabuni.

Nasi tusijifiche nyuma ya Barbados. Tulipostaafu ualimu tulilipwa kiinua mgongo, tukakiweka benki. Mwezi haujaisha, jirani alikuja jioni kuomba mkopo ampeleke mtoto hospitali. Tulimjibu kwamba fedha zile ni za ada ya wajukuu, na kwamba benki imezifungia mpaka mwisho wa mwaka. Habari ya ada ilikuwa kweli. Habari ya benki hatukuambiwa na benki, tuliitunga pale pale mlangoni. Jirani alishukuru, akaenda kuuza mbuzi wake. Mtoto alipona. Mpaka leo mtu huyo akipita hutuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nasi tukiitikia twamkumbuka Elisha akimwuliza mtumishi wake alikotoka. Mwaka jana tulimwendea tukamweleza ukweli. Alisema alijua tangu jioni ile.

Kwa mikutano ya nyumba kwa nyumba: mmoja asome aya ya 20 mpaka 27 polepole, kisha nyamazeni kidogo, kila mtu ajiulize ni jina gani jema analolitumia zaidi anapokataa kutoa, au anapoomba. Hakuna atakayelazimishwa kusema. Mwezi ujao tutasoma Luka 19:1-10. Njoni mmekwisha kuhesabu Zakayo aliahidi kutoa kiasi gani, na kumpa nani.