Aspirini na Madini ya Chuma Mwilini

Aspirini hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe. Jambo hilo lilibainishwa na John Vane, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1971. Lakini prostaglandini pia huukinga ukuta wa ndani wa tumbo usiliwe na asidi. Zinapopungua, ukuta huo huchubuka na damu huvuja kidogo kidogo, ikatoka pamoja na choo bila kuonekana kwa macho.

Hesabu ndogo yaonyesha uzito wa hasara hiyo. Mililita 1 ya damu ina takriban miligramu 0.5 za chuma. Mtu amezaye vidonge kadhaa kila siku kwa muda mrefu aweza kupoteza mililita 4 za damu kwa siku, yaani miligramu 2 za chuma. Utumbo nao, kwa kawaida, hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku kutoka katika chakula. Hivyo akiba ya chuma huanza kuliwa. Ikiisha, himoglobini hupungua na mtu huchoka upesi. Hatari huzidi kwa mwenye minyoo ya safura.

Kidonge cha siku moja hakileti upungufu huo. Aliyeandikiwa aspirini na daktari asiiache kwa hiari yake, bali aombe kupimwa damu.

Zoezi: Mtu mwenye akiba ya miligramu 300 za chuma hupungukiwa miligramu 1 kila siku. Akiba yake itakwisha baada ya siku ngapi?