Kuchemsha ili Kupoza: Kazi ya Vitundu Vidogo



Tumezoea kwamba kuchemsha ni kutia joto. Somo la leo ni la kuchemsha kunakopoza.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha bia cha Gisenyi, cha kampuni ya Bralirwa iliyoanzishwa 1957. Mwaka 1963 boila zake zilianza kuwashwa kwa gesi ya methani kutoka Ziwa Kivu. Huko kuchemsha tunakuona. Lakini bia ikishapikwa lazima ipozwe, na katika viwanda vingi vya bia kazi hiyo hufanywa na amonia, ambayo kwa kanieneo la kawaida huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Inapochemka ndani ya mtambo hunyonya joto la vitu vilivyo jirani. Ikichemka kwa wepesi, kompresa hupunguziwa mzigo.

Sasa, kiputo hakizaliwi popote tu. Kinataka kitundu chenye hewa au mvuke kidogo. Tia jiwe la lava, yale makoro yaliyojaa mashambani kwetu, katika sufuria ya maji baridi, kisha injika. Utaona msururu wa viputo ukitoka kwenye jiwe.

Mwaka 1968 Robert Milton wa kampuni ya Union Carbide, Marekani, alipata hataza ya mabomba yaliyopakwa unga wa madini, ukachomwa mpaka chembe zikashikana na kuacha vitundu. Baadhi ya vitundu hutoa mvuke, vingine huvuta maji kama utambi wa taa. Bomba la namna hiyo laweza kuchemsha kwa nguvu ya mara kumi hivi kuliko bomba laini. Maji yasiporudi upesi, mvuke hufunika chuma kama blanketi, na chuma hakipoi tena.

Mtu atauliza: mbona ukoko wa chokaa ndani ya boila nao una vitundu, na tunaukwangua? Ukoko haupitishi joto vizuri. Bomba lenye ukoko hupata moto kupita kiasi, hulainika na kupasuka, na aliye karibu ni mfanyakazi, si meneja.

Kinyume chake, bomba lililopakwa unga ukilisugua kwa brashi ya waya umeliharibu. Mafuta ya kompresa nayo huziba vitundu vyake. Tena unga wa shaba haufai kwenye amonia, kwa maana amonia hula shaba. Hapo hutumika chuma.

Basi kabla ya kushika brashi, muulize msimamizi hilo ni bomba la aina gani, na mdai kitabu cha mtambo kwa lugha mnayoisoma.